Mnafunga Ushirika Desemba, Halafu Mnatuombea Amani

Wacha niseme hii mapema, kabla watu hawajaanza kushuka na mabegi pale stesheni, kwa sababu nikingoja mpaka tarehe 25 mtaniambia nimewaharibia sikukuu.

Kila mwaka Desemba ikianza, makanisa mengi ya huku kwetu, ukitoka Voi ukashuka Maungu mpaka hapa Miasenyi, husoma tangazo lile lile. Ushirika wa nyumbani umefungwa, tutaonana mwisho wa Januari, Mungu awabariki. Watu wanaitikia amina. Dakika kumi baadaye mhubiri anapanda mimbari na somo la siku ni Mfalme wa Amani.

Jamani, hamsikii kitu hapo?

Ni kama zahanati ifungwe msimu wa malaria kwa sababu madaktari wana wageni. Mwezi wa watu kupasuka kichwa ndio mwezi mnaoamua tusionane. Mei, wakati hakuna mtu ana shida ya maana, tunakutana kila Jumatano, tunakunywa chai, tunasoma mistari sita na kuombea mvua. Desemba, ambapo mtu anahitaji mtu, kila mmoja anapewa baraka za jumla na kurudishwa kwake.

Na Desemba ya huku si ya kwenye matangazo ya soda. Hebu tuiseme ilivyo. Treni ya kaunti ndiyo inayosimama Miasenyi, ile ya moja kwa moja hutupungia tu na kupita (tumezoea, hata maji ya Mzima yamekuwa yakipita kwa bomba kwenda Mombasa tangu miaka ya 1950). Sasa hiyo treni inamwaga watu kutoka Mombasa na Nairobi, na kila anayeshuka anakaguliwa kama mzigo. Ameleta nini? Amenenepa ama amekonda? Mbona kaja peke yake? Daraja la kawaida Mombasa mpaka Nairobi lilitoka shilingi 1,000 likaenda 1,500 Januari 2024, na mwisho wa mwaka basi nazo hujipandishia tu. Kwa hiyo kuna mtu hapo kafika nyumbani pesa imeshaisha njiani, na bado anatarajiwa kununua mbuzi.

Kuna na waliobaki. Desemba ndiyo mvua ya kutegemewa huku chini, mahindi na pojo ziko shambani, na ndovu wa Tsavo wanajua hivyo kuliko afisa yeyote wa kilimo. Mama analala saa tatu za usiku, saa zingine yuko macho anapiga debe. Kuna nyumba yenye kiti kitupu mwaka huu. Kuna karo ya Januari, ile tunayoiita Njaanuari tukicheka, na asubuhi yake hakuna anayecheka. Kuna Fuliza juu ya Fuliza.

Kuna na sisi tunaoulizwa maswali. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokata, hiyo hadithi nimeshaisema hapa na sina haja ya kuirudia. Lakini nyinyi ambao mmewahi kukaa kwenye mkeka wa Krismasi huku mjomba anauliza mbele ya watu ishirini "wewe unafuzu lini?", mnajua ule wali unavyogeuka mchanga mdomoni.

Sasa huyu mtu, na huyu, na huyu, mmewaambia tutaonana mwisho wa Januari.

Najua mtasema kuna mitandao. Haya, tuongee kuhusu mitandao, maana ndiyo kazi yangu na sitawaficha ukweli wa jikoni. Sisi wa kutengeneza video tukifika Desemba tuna sentensi moja tunayoiuza kama maji ya chupa: linda amani yako. Zima simu. Usiende kwa watu wanaokuchosha. Jipeleke mahali pazuri, jinunulie kitu. Inaingia vizuri, watu wanashea, maoni yanajaa. Na kuna mahali ni ukweli mtupu. Kama nyumbani kuna mtu anakupiga, usiende, hata Biblia haikulazimishi kurudi ukapigwe.

Lakini kwa wengi wetu hiyo sentensi imekuwa njia ya kistaarabu ya kusema kila mtu akae na mzigo wake. Amani inayolindwa kwa kufunga mlango ni ya mwenye mlango. Ni ya yule mwenye chumba chake Bamburi na bando la mwezi. Kijana wa hapa anayelala sebuleni na binamu saba afunge mlango gani? Wokovu wa kujilinda unataka kodi ya nyumba kwanza.

Halafu mnashangaa kwa nini naona hii kitu imeingia kanisani pia. Imeingia kwa sauti ya upole. Mtu anamwambia mchungaji "pasta, mambo ni magumu," pasta anamshika bega, "Mungu akupe amani." Basi. Fungueni Yakobo sura ya pili muone huyo pasta ameandikwa mle miaka karibu elfu mbili iliyopita: anakutana na ndugu asiye na nguo wala chakula, anamtakia amani na kumwacha aende zake vile vile. Yakobo hamsifu. Anauliza imani ya namna hiyo ina faida gani. Na angalieni neno linalotumika kumfukuza yule maskini kwa adabu ni lilo hilo, amani.

Kuna kijana mmoja jirani, jina nalihifadhi. Anafanya kibarua Mombasa, kazi ya siku kwa siku, msimamizi anapiga simu asubuhi na asiyeshika anakosa. Desemba iliyopita alikuja nyumbani na mbuzi, soda kreti mbili, gauni la mamake. Shangwe. Tarehe 25 picha zake zilikuwa zimejaa kwenye simu za ukoo mzima. Tarehe 27 hakuwa na nauli ya kurudi. Yote ile ilikuwa mkopo, programu tatu za simu, na zile jumbe za kudai zilikuwa zimeanza kufika hata kwa watu aliowahifadhi kwenye namba zake.

Alijifungia siku tatu. Mamake akadhani ni homa, akamwekea maji ya mwarobaini.

Huyu ni mtu wa kanisa. Ni mtu ambaye kabla hajaenda Mombasa alikuwa haikosi Jumatano. Kiongozi wa kikundi chake cha zamani anakaa mita mia nne kutoka kwao, na nina hakika kabisa kwamba kama wangekutana tarehe 28 jioni, watu tisa kwenye viti vya plastiki, yule jamaa angefungua mdomo, maana alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia mpaka akaishia kuniambia mimi kupitia ua. Nauli ya Miasenyi mpaka Mombasa watu tisa wanachanga bila hata kupitisha kikapu. Lakini kikundi kilikuwa kimefungwa. Hakuna aliyekuwa mbaya. Walikuwa tu wamefunga. Akauza simu Maungu apate nauli, akafika Mombasa bila simu, na msimamizi akawa anapiga namba isiyopatikana. Kibarua kikaenda kwa mwingine.

Mnaniambia "tulikuwa na kesha." Ndiyo, mlikuwa na kesha. Mimi mwenyewe nilikuwa pale na kamera. Spika zilisikika mpaka barabara kuu, madereva wa malori wakapiga honi saa sita, ilikuwa safi. Sipingi kesha. Ninachouliza ni nani katika wale watu mia kadhaa alijua kwamba mwenzake aliyekuwa anaruka na leso juu hana nauli. Kesha ni umati. Umati unakupa moto wa usiku mmoja na asubuhi unarudi na sauti imekauka. Na kama mnafikiri bila kesha mwaka haufunguki, kumbukeni tarehe 31 Desemba 2020. Kulikuwa na kafyu ya saa nne usiku kwa sababu ya korona, kila mtu alikuwa ndani, na 2021 ikaja yenyewe.

Na wakati nyinyi mmefunga, kuna wengine hawajafunga. Mei 2024 Gavana Mwadime alitangaza marufuku ya muguka kaunti hii, akifuata Mombasa na Kilifi. Kukawa na kelele nyingi, kesi huku na kule. Sikizeni, marufuku au si marufuku, Desemba muguka haikosi mteja, na sababu si utamu, maana ile kitu ni chungu. Sababu ni kwamba pale kuna kikao. Mtu anaweza kwenda na stresi zake saa kumi na mbili, akapewa nafasi kwenye benchi, akaongea mpaka saa tisa za usiku na mtu akamsikiliza. Hakuna anayemwambia turudi mwisho wa Januari. Benchi la muguka linafanya kazi ambayo jumuiya iliacha, linafanya vibaya na linamwachia meno mabovu, lakini liko wazi. Mkihubiri dhidi ya muguka mwaka huu, anzeni hapo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba sisi si watu wa kuanza leo. Injili ilifika Taita kwa miguu. Joseph Wray wa CMS alipanda Sagalla mwaka 1883, miaka 13 kabla reli ya Mwingereza haijaanza kulazwa kule Mombasa. Hapakuwa na spika wala jukwaa. Palikuwa na nyumba za watu.

Halafu kuna ile hadithi ambayo wazee wetu wa wokovu wanaijua vizuri na hawatusimulii ipasavyo, Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929, Namirembe, Kampala, Mganda mmoja aliyeitwa Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church waliketi pamoja na Biblia wakaomba. Fikirieni miaka yenyewe. Mweupe na mweusi, enzi za ukoloni, wanaambiana yaliyo moyoni kama ndugu. Church alikuwa anafanya kazi hospitali ya Gahini, Rwanda, na huko moto ukashika miaka ya 1930. Mwaka 1937 ukaingia Kenya. Ukisikia mzee wa Kianglikana anaanza Tukutendereza bila kitabu, machozi yanamlenga, ni kutoka huko.

Watu hukumbuka nyimbo na kulia. Ninalotaka mkumbuke ni mpangilio. Wale ndugu hawakuanzisha kanisa jipya, walibaki Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti, lakini kila wiki walikutana vikundi vidogo na kufanya kitu walichokiita kutembea nuruni. Mtu anasema lililomshinda. Aliyeiba anarudisha, hata kama ni jembe la mzungu. Mwenye deni anataja deni. Mke na mume wanaombana msamaha mbele ya watu wanaowajua. Palikuwa na aibu ndani yake, na wakati mwingine ukali wa kupitiliza, mimi si mtu wa kupaka historia mafuta. Lakini ilipofika Oktoba 1952 na Hali ya Hatari ikatangazwa, ndugu wengi wa Kenya ya kati walijikuta katikati: Mau Mau wanataka wale kiapo, serikali inataka wabebe bunduki. Wengi wakakataa yote mawili. Wengine wakauawa. Na waliendelea kutafutana. Hakuna aliyesimama kusoma tangazo kwamba ushirika umefungwa mpaka Hali ya Hatari iishe, na ile hali iliisha 1960.

Nyinyi mnafunga kwa sababu ya pilau.

Wakatoliki nao wana yao. Maaskofu wa AMECEA walikaa Nairobi 1973, wakakaa tena 1976, wakasema kanisa la Afrika Mashariki lisimame juu ya jumuiya ndogo ndogo. Mimi si Mkatoliki. Lakini Desemba iliyopita, ile wiki ambayo jirani yangu alikuwa amejifungia, nilialikwa kwenye jumuiya moja ya upande wa pili wa barabara kwa sababu walitaka mtu wa kupiga picha. Sikupiga picha nyingi. Walikuwa kumi na mmoja chini ya mti, saa kumi jioni ili watu wafike makwao kabla ndovu hawajatoka. Wakasoma, wakaomba, halafu mwenyekiti, mama wa makamo, akauliza swali moja tu: nani hajalala?

Hakuuliza nani ana ombi. Mtu ukimuuliza ombi atakuambia amani ya dunia. Aliuliza nani hajalala.

Mama mmoja akasema mimi. Kijana wake hakuja wala hakupiga simu, pojo yake imejaa magugu, na usiku yuko peke yake na ndovu. Alisema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya. Wakapanga palepale, bila kamati. Kesho yake asubuhi watu saba na majembe, ile nusu ekari ikaisha kabla jua halijawa kali. Vijana wawili wakapewa zamu ya usiku na tochi mpaka mwaka mpya. Mwanamume mmoja mwenye marafiki Changamwe akatumwa kumuulizia mtoto, na akapatikana, mzima, kumbe naye ana aibu ya kuja mikono mitupu. Tarehe 2 nilimpata yule mama dukani, nikamwuliza hali, akaniambia, "Mwanangu, nalala mpaka nakoroma."

Mkitaka kujua mimi nikisema amani namaanisha nini, namaanisha kule kukoroma.

Kuna pingamizi moja nalikubali kabisa. Udaku. Mtu anaogopa kusema kwenye ushirika kwa sababu neno likitoka pale linafika Voi kabla yake, limevaa nguo za "tumwombee fulani, ana shida ya pombe." Hili limeua vikundi vingi kuliko shetani. Dawa yake wale ndugu wa zamani walikuwa nayo: unakiri yako, huleti ya mwenzako. Ukileta ya mwenzako unanyamazishwa, hata kama wewe ni mke wa mzee wa kanisa. Hasa kama wewe ni mke wa mzee wa kanisa. Kikundi kisichoweza kumnyamazisha mdaku wake, hicho kifungwe kweli, Desemba na Mei.

Na pingamizi lingine ni zito zaidi, na mtu wa Pwani hawezi kulipita. Shakahola. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kwenye ule msitu wa Kilifi, na mhubiri Paul Mackenzie alifikishwa kortini, akakana mashtaka. Wale pia walikuwa pamoja. Walikuwa pamoja kuliko sisi sote. Kwa hiyo mtu akiniambia "ndugu, mimi naogopa vikundi vya maombi", simwiti mwenye imani haba. Ninamwambia atazame mlango. Unaruhusiwa kuondoka? Unaruhusiwa kumpigia simu dadako, kwenda hospitali, kula, kumbishia kiongozi na kesho yake bado ukasalimiwa? Jumuiya ya yule mama wa pojo ilimtafuta mtoto wake kule nje na ikampa usingizi. Kikundi kinachokukata kutoka kwa watu wako, hata kikikuita mpendwa mara mia, toka mbio.

Na ndiyo maana nasisitiza ndogo, nyumbani, watu wanaojuana na mamako. Mwongo hustawi mahali ambapo hakuna anayejua kwenu.

Wachungaji wetu, nawaheshimu, wengine mmenilea. Najua mmechoka Desemba, mna harusi nne na mazishi matano, na waheshimiwa wanataka kusalimia watu. Hakuna anayewaomba nyinyi mje. Hilo ndilo zuri la ushirika, hauhitaji pasta. Unahitaji mtu mmoja mwenye mti na asiyesoma tangazo la kufunga. Wageni wakiwepo, waje nao. Yule mjomba wa "unafuzu lini" aketi pale asikie watu wakisema yanayowakosesha usingizi, labda naye ana yake. Saa moja inatosha.

Kwa hiyo Jumapili hii likisomwa lile tangazo, usiitikie amina. Nyoosha mkono, kwa adabu, uliza: kati ya tarehe 20 na tarehe 5 sisi tunakutana wapi? Wakikosa jibu, sisi wa upande wa stesheni tumeshapanga, tarehe 23, 27 na 30, saa kumi jioni, tunamaliza saa kumi na moja na nusu kwa sababu ya ndovu. Chai ipo, sukari bado tunatafuta. Beba kiti chako.